Sahani Ilirudi Nyeupe

Burumba, Busia
10 Machi 1974

Kwa Dada Safia, Nakuru.

Salaam aleikum. Pokea salamu za mpishi bora kuliko wote kutoka Malaba mpaka Kampala, na wale wa Kampala hawajabisha kwa sababu habari bado hazijawafikia. Usicheke. Pale hotelini Malaba kuna dereva wa lori alilamba sahani yangu mpaka maua yaliyochorwa ndani yakatoka. Mwenye hoteli akataka kumgombeza. Nikamwambia, mzee, gombeza ulimi wake, mimi kazi yangu nimemaliza.

Mimi ni mzima kama reli. Wewe hujambo? Shemeji hajambo? Watoto je, bado wanalia wakiona picha yangu?

Sasa kaa chini, dada. Nimeacha kazi Malaba, nimerudi nyumbani. Baba anaumwa. Kile kidonda cha mguu wa kulia alichosema ni kiatu kimemchubua, si kiatu. Hospitali walimpima mkojo wakasema ana ugonjwa wa sukari. Ameandikiwa vidonge, ameambiwa apunguze sukari, mafuta, wali na chapati. Asipofanya hivyo kidonda hakitakauka, na kisipokauka watakata. Unajua Baba anakanyagia cherehani mguu upi. Akamwuliza daktari, "Ukiuchukua mguu, na cherehani utaichukua? Maana hivyo viwili havijaachana miaka thelathini." Daktari hakucheka. Mimi nilicheka, halafu nikaona uso wa Baba, nikaacha.

Na watu wetu unawajua. Kumwona mgonjwa ni kwenda na kilo ya sukari. Mpaka leo tumeletewa pakiti sita! Nimezipanga juu ya kabati kama askari. Waganda wanavuka mpaka na baiskeli kutafuta sukari, kumbe wangekuja hapa kwetu, tunayo kabatini na tunayo ndani ya Baba.

Uliwahi kusema yule mwalimu wa Kimarekani unayempikia ana ugonjwa huo huo. Yeye anakula nini? Niandikie mimi, nitapika. Baba hataki kusikia habari ya uji bila sukari na ugali wa kupimwa kwa kijiko. Anataka chakula, na chakula mimi ndicho ninachokijua.

Ni mimi mdogo wako, aliyemaliza shule kabla shule haijammaliza,
Muzafaru


Nakuru
27 Machi 1974

Mdogo wangu Muza,

Waaleikum salaam. Sisi ni wazima, ila baridi ya huku inauma masikio. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Asante kwa kurudi nyumbani. Sitasema zaidi, maana ukisifiwa kidogo unavimba kama andazi.

Misisi Dorothi anakula kitu cha kwao, huko karibu na Meksiko. Jina lake sitaliandika, maana najua barua zangu unamsomea Baba kwa sauti, na jina lile kwa Kiswahili si la kutajwa mbele ya mzazi. Lakini chenyewe ni kizuri. Huwa wanakila na vipande vya mahindi vilivyokaangwa na jibini nyingi. Yeye ameambiwa aache, kwa hiyo nimejifunza kumpikia chepesi. Sikiliza.

Chukua nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, uikatekate ndogo ndogo kwa kisu. Ikaange kwa jasho lake yenyewe, usitie kimbo. Tia kitunguu, kitunguu saumu, bizari nyembamba na pilipili. Maharagwe uchemshe pembeni, uyamwage maji. Kabeji na mchicha mchanga uvikate kama nywele. Juu yake nyanya, dania, ovakado kidogo, ndimu. Badala ya malai, maziwa lala uliyoyachuja kwa kitambaa. Gawanya sahani: nusu ni majani, robo nyama, robo maharagwe.

Na yale mahindi ya kukaanga, unajua nilikumbuka nini? Ukoko wa Mama! Siku ya kwanza nilipomwona Misisi anavunja kile kitu cha mahindi, kikalia kakaka mdomoni, nilishika ukingo wa meza. Unakumbuka Mama akishapakua ugali, anarudisha sufuria motoni mpaka ule utando wa chini unajiachia wenyewe? Sote wanne tunasubiri kama paka. Mtengenezee Baba kipande kimoja tu, kama kiganja, chembamba, kikavu, bila mafuta. Kimoja, Muza.

Msomee Baba salamu zangu. Mwambie nasikia sauti ya cherehani mpaka huku.

Dada yako,
Safia


Burumba
14 Aprili 1974

Dada mpendwa,

Salamu nyingi kama mvua ya juzi, ambayo imelibeba paa la choo cha Mzee Usman. Mimi ni mzima. Mzee Usman pia ni mzima, ila anajisaidia chini ya mbingu.

Nimepika! Andika tarehe. Burumba nzima haijaona kitu kama hicho. Nilikata kabeji nyembamba hivi kwamba ukipuliza inaruka. Nyama niliikaanga kwa jasho lake mpaka jirani yetu Mteso, Mama Amongin, akachungulia juu ya ua akauliza, "Muzafaru, nyinyi mna harusi?" Nikamwambia mama, hii ni dawa. Akasema angependa kuugua. Nimekibatiza Saladi ya Malaba, kwa sababu jina lile la Misisi nimeshalikisia na nimecheka siku mbili.

Ukoko ulitoka mzima mzima, kama sarafu kubwa. Baba akaushika, akaugeuza, akaunusa. Halafu akatazama zile kabeji akasema, "Haya ni malisho." Nikamwambia Baba, hayo malisho yanaliwa na Wamarekani wenye magari. Akasema, "Ndiyo maana wanahitaji magari, nguvu za kutembea hawana."

Lakini usiwe na wasiwasi, nimeweka utaratibu kama wa hospitali. Nimemnunulia sahani yake mwenyewe, ya bati nyeupe yenye ukingo wa samawati. Hakuna mwingine anayeigusa. Ana kijiko chake. Anakula adhuhuri pale barazani karibu na cherehani, mimi nakula jikoni, mlango nimefunga, ili asione chapati zangu akatamani. Mzee Usman aliyezoea kuja kula naye nimemwambia kwa heshima zote, mzee, wewe una wali wako dukani, ukija na wali hapa unaniharibia mgonjwa. Alikubali. Alinitazama kidogo, lakini alikubali.

Wewe tulia tu huko Nakuru. Mguu huu tayari umepona, bado wenyewe kupata habari.

Mdogo wako daktari wa majani,
Muzafaru


Nakuru
2 Mei 1974

Muza wangu,

Natumai barua hii inawakuta na afya. Watoto wamepata surua, wanaendelea vizuri, wamejaa madoa kama kanga.

Umenifanya nicheke mpaka shemeji yako akaja kuuliza. Lakini tangu niisome barua yako kuna kitu kinanirudia. Lile sinia la Mama liko wapi? Lile la shaba alilokuja nalo kutoka Jinja siku ya ndoa. Lilibonyea pale ukingoni siku wewe ulipolikalia wakati wa mvua ukateleza nalo mtaroni, una miaka minne, uchi kabisa, unapiga kelele kwamba wewe ni dereva. Mama alitaka kukuchapa, Baba akasema, "Mwache, leseni anayo."

Naliona bado. Ugali katikati, mboga pembeni, mikono sita. Baba alikuwa anavunja ukoko, anamwekea kila mtu kipande mbele yake, wewe wa mwisho kuzaliwa wa kwanza kupewa. Nyama alikuwa haili kabla ya kuisukuma upande wetu. Nilikuwa nafikiri Baba hapendi nyama. Nilikuwa na miaka kumi na tano nilipojua kwamba anaipenda kuliko sisi sote.

Sasa anakula na nani, Muza? Hukuniambia.

Kidonda kimeanza kukauka? Niandikie haraka.

Dada yako anayewakumbuka,
Safia


Burumba
19 Mei 1974

Kwa Dada Safia, mama wa wenye madoa,

Salaam aleikum. Huku ni salama salimini. Pole kwa surua. Waambie wajomba zangu hao wadogo kwamba mimi nilipougua surua, surua yenyewe ndiyo iliyopata homa.

Habari kubwa ni kwamba sahani inarudi nyeupe! Kila adhuhuri naipeleka imejaa mpaka ukingoni, nikirudi haina hata mbegu ya nyanya. Leo pia. Nakuandikia hapa sahani iko mbele yangu, nyeupe kama jino la mtoto. Mpishi akitaka kujua kazi yake haulizi mdomo, anauliza sahani.

Jina langu limetembea. Jana mama mmoja ametoka Bukhayo kwa miguu kuniuliza nimpikie nini mumewe mwenye presha. Nikajifanya nafikiri, nikashika kidevu. Nilimwambia kabeji. Malaba nako nimeitwa. Mwenye hoteli anasema nirudi, madereva wamekonda. Nikamwambia subiri, nina mguu wa mzee mkononi.

Sinia lipo. Limefunika pipa la maji nyuma ya nyumba, lile bonde langu la ukingoni ndilo tunalopitishia kata. Nakumbuka siku ile. Wewe hukuandika kwamba ni wewe uliyenisukuma.

Kidonda kinaendelea. Baba amekonda kidogo, lakini daktari si alitaka akonde? Mambo mengine ya mtaa ni yale yale. Mbuzi wa Mama Amongin amenenepa ajabu, manyoya yanang'aa kama ya bwana harusi. Mama Amongin anasema ni baraka.

Mdogo wako anayeogopwa na magonjwa,
Muzafaru


Nakuru
16 Juni 1974

Muza,

Salamu. Sisi ni wazima.

Juzi hapa alipita Maimuna, binti wa Mzee Usman, akielekea Nairobi. Amenipa habari za nyumbani, na nyingine sikuzipenda. Anasema Baba anachechemea. Anasema kidonda kina harufu. Anasema adhuhuri, ukishaondoa sahani, Baba anaingia dukani kwa baba yake kwa mlango wa nyuma, anakaa kwenye sinia la wali pamoja na wachukuzi, na chai ya maziwa yenye sukari anakunywa kama zamani. Mzee Usman anaona haya kumfukuza rafiki yake chakulani. Nani anaweza?

Sasa nieleze. Kama sahani inarudi nyeupe, tumbo la wali linatoka wapi? Baba si mlafi. Maisha yake yote hajawahi kushiba mara mbili.

Nimekuwa nikifikiria usiku wa leo wote. Katika miaka yote, Muza, umewahi kumwona Baba akila peke yake? Mimi natafuta kichwani na sipati hata siku moja. Mama alipokufa, siku ile ile, wakati hakuna aliyeweza kumeza, Baba alituita kwenye sinia, akavunja ukoko akatuwekea mbele yetu, nafasi ya Mama akaiwekea kipande pia. Tulikula kwa sababu alikula. Kama asingekaa nasi tungekufa njaa tukiwa na sufuria imejaa.

Nakuuliza mara ya pili, na hii uisome mbele ya Baba kwa sauti. Baba, unakula na nani?

Dada yako,
Safia


Nakuru
14 Julai 1974

Muza,

Wiki nne. Kila siku shemeji yako anapitia posta na kurudi mikono mitupu. Hata ukiniandikia uongo wako mmoja tu, nitafurahi. Mguu vipi?

Safia


Burumba
11 Agosti 1974

Dada,

Salaam aleikum. Nakujulia hali, wewe na shemeji na watoto. Sisi tuko. Nimechelewa, na sina kisingizio kizuri, na unajua mimi visingizio vizuri huwa ninavyo.

Nitaanza na mguu. Wamekata vidole viwili, gumba na kinachofuata. Mguu umebaki. Tulikaa hospitali siku kumi na tisa, mimi nalala chini ya kitanda chake kama ndala. Daktari alisema tungechelewa wiki moja zaidi wangekata kwenye goti. Sasa panakauka, kweli kweli panakauka, nimepaona kwa macho yangu wakibadilisha bandeji, hakuna harufu. Jumatano alikaa kwenye cherehani. Anakanyaga kwa kisigino. Mlio wake umebadilika, dada, sasa cherehani nayo inachechemea, taka-tak, taka-tak, lakini inatembea. Amemaliza sare mbili za shule.

Sasa nirudi nyuma. Barua yako ya Juni ilipofika nilimsomea Baba, zile habari za dukani nikaziruka. Nilipofika mwisho, pale unapouliza unakula na nani, akavua miwani. Akaifuta kwa kipande cha kitambaa. Akasema, "Mwandikie. Mwambie nakula na mbuzi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Akasema, "Mwanangu, mtu hupewa sahani yake peke yake akiwa mgeni, au akiwa na ugonjwa unaoambukiza. Mimi katika nyumba yangu ni yupi kati ya hao? Unaniwekea, unafunga mlango, nasikia unakula upande wa pili. Nikaona mbuzi wa Mama Amongin anachungulia uani. Nikamkaribisha. Angalau yeye alinitazama usoni."

Ndipo akafungua kiatu nikaona kidole kilivyokuwa. Cheusi, dada. Nilimbeba kwa baiskeli mpaka hospitali.

Siku tuliyorudi nyumbani nilienda nyuma nikalitoa sinia kwenye pipa. Nililisugua kwa majivu na ndimu mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Nikapika ile ile Saladi ya Malaba, kabeji kama nywele, nyama, maharagwe, nyanya, maziwa lala, nikaimwaga yote katikati ya sinia. Nikaenda kumwita Mzee Usman. Nikamwita Mama Amongin, akauliza kama aje na mbuzi. Tukakaa wanne. Mzee Usman akakunja mkono wa kanzu kama mtu anayekwenda vitani, akatazama majani, akamwambia Baba, "Edris, tumefika hapa?" Baba akamjibu, "Kula, bwana. Utapata gari."

Nami nikatia mkono. Dada, haikuwa na chumvi. Hata chembe! Mpishi bora kutoka Malaba mpaka Kampala, tangu mwezi wa nne napika chakula kile kila siku, na sikuwahi kukionja. Niliona chakula cha mgonjwa, mimi nina chapati zangu. Baba anasema siku zote kilikuwa hivyo. Mama Amongin alikwenda kuleta chumvi kwake, tukatia kidogo, tukaongeza ndimu, na kweli nakuapia kilikuwa kitamu. Mzee Usman alikula mpaka akaanza kukwaruza upande wangu.

Halafu Baba akachukua ukoko. Nilikuwa nimeutengeneza mmoja tu, kama ulivyosema. Akauvunja vipande vinne, akaviweka mbele ya kila mtu. Mimi akanipa wa kwanza. Nina miaka ishirini, dada, nina ndevu. Nilikila nikitazama lile bonde la ukingoni, na kakaka ile mdomoni ilinirudisha mpaka mtaroni. Nikasikia kabisa sauti ya Mama akiniita nivae nguo.

Tangu siku ile ni hivyo kila adhuhuri. Wali dukani ameacha mwenyewe. Ile sahani ya ukingo wa samawati nimempa Mama Amongin, mbuzi anywee maji.

Sasa hii iliyobaki ndiyo iliyonichelewesha kuandika. Kalamu nimeishika na kuiweka mara nyingi.

Baba anafikiri alinidanganya. Pale hospitali, kabla hawajamwingiza kukatwa, alinishika mkono akasema, "Nisamehe, Muzafaru. Ulihangaika kunipikia nami nikakupa sahani nyeupe ya uongo." Baba, dada. Aliniomba mimi msamaha, nami nikasema, usijali Baba, nimekusamehe. Nilisema hivyo. Sauti yangu mwenyewe niliisikia ikisema.

Jumapili ile ya tarehe kumi na tisa Mei nilisahau kumpelekea maji. Nikarudi na kikombe, nikapitia upande wa ua. Alikuwa ameinama na sahani magotini, anamlisha mbuzi kwa mkono, tonge kwa tonge, taratibu, anamsukumia nyama upande wake kama alivyokuwa anatusukumia sisi. Alikuwa anazungumza naye. Kipande cha ukoko alikuwa amekivunja viwili.

Niliona, dada. Nikafikiri nikisema, nitaacha kuwa daktari. Yule mama wa Bukhayo alikuwa amenijia jana yake tu. Nikasimama nyuma ya ua mpaka alipomaliza, nikaja mbele nikipiga mluzi, nikachukua sahani, nikaingia ndani, nikakaa mezani, nikakuandikia kwamba inarudi nyeupe.

Mdogo wako,
Muzafaru